Wanaihifadhi Suratul Maun Lakini Hawawezi Kuieleza: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Dini

Walimu wa madrasa na wa somo la Dini ya Kiislamu shuleni huniletea lalamiko lile lile. Wameambiwa wasiishie kwenye kuhifadhisha, wafundishe kwa kufasiri, mwanafunzi aelewe na ahusishe na maisha yake. Wamejaribu. Somo limeanguka.

Huanguka kwa namna mbili. Ama mwalimu anageuza kipindi kuwa hotuba ya Ijumaa, watoto wanaitikia "ndiyo ustadh" na kutoka vile vile walivyoingia. Ama anauliza "nyinyi mnaionaje aya hii?", kila mmoja anasema lililomjia mdomoni, na jioni mzazi anapiga simu: "Ustadh, siku hizi mnawafundisha watoto kujifasiria Qur'ani?"

Mzazi huyo ana haki ya kuuliza. Tafsiri ni elimu, ina masharti na watu wake.

Nimeziangalia sana hizi namna mbili, na chanzo chake ni kimoja: darasani mna sauti tatu na zote zimechanganywa chungu kimoja. Kuna sauti ya aya yenyewe, yaani lafdhi. Kuna sauti ya wanazuoni walioieleza. Na kuna sauti yetu sisi, watu wa mtaa huu, tunavyoiishi au tunavyoiacha. Mwanafunzi asipojua nani anasema sasa hivi, atadhani maneno ya ustadh ni maneno ya Mungu, au atadhani maoni yake yana uzito sawa na ya Ibn Abbas, sahaba aliye bingwa wa tafsiri. Kazi yote ya mwongozo huu ni kuzitenga hizo sauti tatu, kisha kuziacha zizungumze.

Sehemu ya njia hii inafanana na ile iliyojulikana katika shule za Uingereza miaka ya 1990 kupitia Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Warwick: dini isomwe kwa kuwasikiliza watu wanaoiishi, na mwanafunzi arudi kujitazama. Kwetu hilo peke yake halitoshi, kwa sababu Muislamu hasomi Qur'ani kwa kusikiliza majirani tu. Ndiyo maana hapa wanazuoni wana safu yao, na hakuna anayeruka kutoka kwenye aya hadi kwenye "mimi naona" bila kupita kwao.

Mfano nitakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni Suratul Maun, sura ya 107, aya 7. Kwa ufupi, inamtaja anayeikadhibisha dini: ndiye anayemsukuma yatima na hahimizi kulisha maskini. Kisha inasema ole wao wanaosali, walioghafilika na sala zao, wanaojionyesha na kuzuia *maun*. Darasa la watoto wa miaka 12 hadi 16 linaiweza.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Msahafu mmoja kwa kila wanafunzi wawili.
- Tarjuma mbili za Kiswahili, si moja. Ninazotumia ni ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy (1969) na ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani (1995). Ziko misikitini na katika nyumba nyingi.
- Kitabu kimoja cha tafsiri unachokiamini na unachoweza kukisoma vizuri. Mimi hutumia Ibn Kathir. Kama Kiarabu chako si kizuri, kaa na sheikh wa mtaa saa moja kabla ya somo, uandike.
- Chaki za rangi tatu. Ukikosa, gawa ubao safu tatu kwa mistari.
- Karatasi kubwa moja ya bango, na daftari kwa kila mwanafunzi.
- Ndoo, sufuria, chekeche la unga na sindano. Vitoe nyumbani kwako, utaona kazi yake.
- Vipindi vitatu vya dakika 40. Kati ya cha pili na cha tatu waachie siku mbili au tatu za kazi ya nyumbani.

Usijaribu kubana yote katika kipindi kimoja. Walimu wengi wanaoniambia njia hii haifai walifanya hivyo.

## Hatua ya 1: Chagua sura wanayoijua, isiyo na mgogoro

Anza na sura iliyokwisha kukaa kifuani. Akili yao ikiwa bado inahangaika na matamshi, haina nafasi ya maana. Juzuu Amma, juzuu ya mwisho yenye sura fupi fupi, inatosha mwaka mzima.

Tahadhari: usianze na maulidi, mwandamo wa mwezi, talkini wala jambo lolote linalowagawa wazee wa msikiti wenu. Si kwamba hayasomeki. Ni kwamba mtoto ataingia akiwa ameshachukua upande wa baba yake, na kila utakachosema atakisikia kama kura. Ustadi ujengwe kwanza kwenye jambo ambalo hakuna anayeliogopa. Mambo hayo yaje baadaye, muhula wa tatu au mwaka wa pili.

## Hatua ya 2: Wewe kwanza

Chukua karatasi, igawe safu tatu: *Aya inasema*, *Wanazuoni wamesema*, *Sisi tunafanya*. Ijaze mwenyewe kwa sura nzima.

Katika safu ya pili jiwekee sharti gumu: hakuna kuandika "wanazuoni wamesema" bila jina. Andika nani, na kama ipo, kwa nini. Sharti hili litakupunguzia maneno mengi uliyozoea kuyasema kwa mazoea. Mimi lilinifunulia kuwa nusu ya niliyokuwa nikiyanasibisha kwa wanazuoni niliyasikia kwa mwalimu wangu tu, na sikujua yeye aliyatoa wapi.

Utajua umejiandaa ukiweza kutaja, bila kutazama karatasi, angalau mahali pawili katika sura ambapo wafasiri hawakusema kitu kimoja.

## Hatua ya 3: Sauti ya kwanza, lafdhi (kipindi cha kwanza)

Waache waisome sura kwa pamoja, kwa sauti, kama walivyozoea chuoni. Kisha mwambie mwanafunzi mmoja asome peke yake, na umkatishe makusudi penye *fawailul lil musallin*. Uliza: tukisimama hapa, Mwenyezi Mungu amesema nini?

Darasa litanyamaza kwanza. Kisha mmoja atasema polepole: "Ole wao wanaosali." Waache wabaki na mshtuko huo kidogo. Halafu aendelee kusoma: *alladhina hum an swalatihim sahun*. Sasa wameona kwa macho yao kwamba aya ikikatwa na ile inayoifuata inaweza kugeuka kinyume cha kilichokusudiwa. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuwa na elimu ya tafsiri, na hawataisahau. Nimekutana na kijana aliyemaliza kidato cha nne miaka mingi iliyopita, jambo la kwanza alilonitajia ni siku ile ya "ole wao wanaosali".

Baada ya hapo chukua chaki ya rangi ya kwanza, ingia kwenye maneno. Si yote. Matatu yanatosha.

Yadu'u. Ni kusukuma kwa nguvu, kufukuza kwa ukali. Muulize mtoto aonyeshe kwa mkono hewani (asimsukume mwenzake). Kumnyima yatima ni kitu kimoja, kumsukuma mlangoni ni kingine, na neno lililochaguliwa ni hili la pili.

Yahudhu. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, na walimu pia. Waulize aya ya tatu inamlaumu mtu kwa kosa gani. Tisa kati ya kumi watasema "kutolisha maskini". Warudishe kwenye neno. *La yahudhu* ni "hahimizi". Mtu huyu analaumiwa kwa kutowahimiza watu kulisha. Kwa hiyo hata asiye na kitu mfukoni anaguswa, kwa sababu ulimi wa kuhimiza anao. Usiwaambie hili. Waache walifikie.

An. Herufi mbili tu. Aya imesema *an swalatihim*, kwa maana ya kughafilika na sala zao, haikusema *fi swalatihim*, ndani ya sala zao. Ibn Kathir ananukuu kauli ya Ata bin Dinar akimshukuru Mwenyezi Mungu kwa herufi hii. Nani kati yetu hasahau ndani ya sala? Wakumbushe sijda ya kusahau, *sijdatus sahw*, ambayo jina lake linatoka kwenye mzizi ule ule wa *sahun*, na kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwahi kusahau ndani ya sala na akasujudu. Anayetishwa hapa ni yule asiyejali kama sala ipo au haipo.

Sasa wape zile tarjuma mbili, kundi moja hii, kundi jingine ile. Kazi yao ni moja: neno *maun* katika aya ya mwisho kila mtarjumi amelitoa vipi? Waandike ubaoni neno kwa neno. Wakiona masheikh wawili wakubwa wa Kiswahili hawakutumia maneno yale yale, utasikia mnong'ono. Acha swali hilo lining'inie hadi kipindi kijacho.

Tahadhari: katika kipindi hiki usiruhusu neno "maana yake kwangu mimi". Mtoto akilianza, mwambie kwa upole: "Safu yako inakuja, mwanangu, weka akiba." Ukiruhusu sasa, safu ya tatu itaimeza ya kwanza.

Mafanikio yanaonekana hivi: kengele ikilia, mwanafunzi anaweza kukuonyesha neno gani katika aya linabeba maana anayoisema. Asemapo "inasema tuhimizane", kidole chake kinagusa *yahudhu*.

## Hatua ya 4: Qur'ani ieleze Qur'ani (mwanzo wa kipindi cha pili)

Hii ni dakika kumi, si zaidi. Ubaoni andika anwani nne, kila kundi lifungue moja:

- Suratul Haqqa, 69:34
- Suratul Fajr, 89:17–18
- Suratut Tur, 52:13
- Suratu Quraysh, 106:4

Kundi la Haqqa litapata maneno yale yale, *wala yahudhu ala twaamil miskin*, yakisemwa juu ya mtu aliyepewa kitabu chake kwa mkono wa kushoto. Kundi la Fajr litapata yatima na maskini wakitajwa pamoja tena, na kuhimizana tena. Kundi la Quraysh litaona sura iliyo mlango wa pili ikisema Mwenyezi Mungu amewalisha Makureshi wakati wa njaa, kisha sura inayofuata, yetu, inamtaja asiyehimiza kulisha.

Kundi la Tur ndilo nalipenda zaidi. Wao watapata *yauma yuda'uuna*, siku watakaposukumwa kwenye moto wa Jahannam kwa msukumo wa nguvu. Mzizi ni ule ule wa *yadu'u*. Anayemsukuma yatima na wanaosukumwa motoni wametajwa kwa tendo moja. Mtoto wa miaka 13 akigundua hili mwenyewe kwa kulinganisha herufi, hatakuambia tena kwamba kusoma Kiarabu ni kazi bure.

## Hatua ya 5: Sauti ya pili, wanazuoni

Badilisha rangi ya chaki mbele ya macho yao na useme wazi: "Mpaka sasa tulikuwa na maneno ya Qur'ani. Kuanzia hapa ni maneno ya wanadamu wenye elimu."

Anza na *sura imeshuka kwa ajili ya nani*. Katika riwaya za sababu za kushuka yametajwa majina zaidi ya moja. Wapo waliomtaja al-As bin Wail. Wapo waliomtaja Abu Sufyan, kabla hajasilimu, kwamba alikuwa akichinja ngamia, yatima akaja kumwomba, akampiga kwa fimbo. Wengine wametaja majina mengine ya wakubwa wa Makka. Tena wamehitilafiana kama sura yote ni ya Makka, au ya Madina, au nusu kwa nusu, maana maneno ya kujionyesha katika sala yanafanana na sifa za wanafiki zilizotajwa katika Suratun Nisaa, 4:142, na wanafiki walikuwa Madina.

Mwanafunzi makini atauliza: sasa ukweli ni upi? Hapo mpe kanuni ambayo wanazuoni wa tafsiri wanaijua vizuri: mazingatio ni kwa ueneaji wa lafdhi, si kwa umahsusi wa sababu. Hata kama tungejua kwa yakini jina la mtu yule, aya haikufungwa kwake. Sababu ya kushuka ni taa ya kuangazia aya. Haiwi ukuta wa kuizuia isitufikie.

Sasa rudi kwenye lile swali lililoning'inia: *maun* ni nini?

Weka mezani ndoo, sufuria, chekeche na sindano. Usiseme kitu. Kisha andika kauli tatu:

1. Imepokewa kwa Ali kwamba *maun* ni zaka.
2. Imepokewa kwa sahaba Ibn Masud, katika kitabu cha hadithi cha Sunan ya Abu Daud, kwamba zama za Mtume (s.a.w.) walikuwa wakihesabu *maun* kuwa ni kuazimana ndoo na sufuria.
3. Ikrima, mwanafunzi wa Ibn Abbas, amesema kichwa cha *maun* ni zaka ya mali, na cha chini yake ni chekeche, ndoo na sindano.

Waache wavitazame vile vyombo. Uliza: je, kauli ya kwanza na ya pili zinapigana? Uliza tena: Ikrima amefanya nini? Darasa zuri litajibu kwamba amezishika zote mbili, akazipanga ngazi, kubwa juu na ndogo chini. Ibn Kathir aliipenda kauli hiyo kwa sababu inakusanya zile nyingine: zote zinarudi kwenye kuacha kusaidiana kwa mali au kwa kitu cha manufaa.

Wamejifunza hapo, kwa sindano moja, kwamba khitilafu za wafasiri mara nyingi ni za kutaja mifano mbalimbali ya jambo moja. Mtoto aliyeliona hili mapema hatishwi kirahisi na mtu atakayemwambia ukubwani kwamba khitilafu za wanazuoni ni dalili kuwa dini haieleweki.

Tahadhari mbili. Usiwapigishe kura ("wangapi wanamuunga mkono Ibn Masud?"). Kura inawafanya waamuzi juu ya masahaba, na hawana nyenzo za uamuzi huo. Waulize badala yake: *aliyesema hivi alitazama nini katika neno?* Pili, kama darasani mna watoto wa Kisunni, Kiibadhi na Kishia pamoja, kama ilivyo Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, taja kila kauli kwa mwenyewe na kwa adabu ile ile. Watoto wanapima sauti yako kuliko maneno yako.

Mafanikio: mwanafunzi anasema "imepokewa kwa fulani" bila kukumbushwa, na hasemi "Qur'ani imesema maun ni sufuria".

## Hatua ya 6: Sauti ya tatu, nyumbani na mtaani

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoifanya sura iwe hai. Kila mwanafunzi arudi kwao akamuulize mtu mzima mmoja, afadhali bibi au babu, maswali matatu tu:

- Zamani mlikuwa mkiazimana vitu gani na majirani?
- Kipi siku hizi hamwazimani tena, na kwa nini?
- Je, kuna kitu mtu akikuomba huwezi kumnyima?

Fundisha adabu ya kuuliza kabla hawajaondoka. Aamkie kwanza, shikamoo bibi, akae chini, asimkatize. Aandike majibu kwa maneno ya mwenyewe, asiyageuze yakawa ya kitabuni. Asiandike jina la jirani yeyote aliyelaumiwa. Hili la mwisho ni sharti, kwani bila hilo daftari linageuka kuwa kusengenya.

Watakuletea mambo. Moto: zamani mtu alikwenda kwa jirani na kipande cha kifuu kuchukua kaa la moto. Chumvi, ambayo wazee wengine watasema hainyimwi. Kinu na mchi. Mbuzi ya kukunia nazi. Masufuria makubwa na majamvi ya shughuli, hitima na harusi. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika maneno ya bibi yake hivi: "Siku hizi kila mtu ana mbuzi yake ya nazi, lakini hakuna anayejua mwenzake amekula." Nililisoma darasani mara mbili.

Utaona kilichotokea. Ibn Masud ametaja ndoo na sufuria, na bibi wa mtoto ametaja mbuzi ya nazi. Mtoto anaunganisha mwenyewe. Hajafasiri Qur'ani kwa rai yake. Ameona mahali ambapo tafsiri ya sahaba inakaa katika nyumba yao.

Tahadhari kubwa kuliko zote katika somo hili: darasani kwako huenda kuna yatima. Huenda unamjua, huenda humjui. Usimtolee mfano, usimwangalie unapolitaja neno, usimwombe "atueleze". Wala usipange kazi ya "mtembelee yatima ukaandike". Kama unamjua, zungumza na mlezi wake kabla ya wiki hiyo kuanza. Haifai mtoto asukumwe siku ile ile tunayosoma aya ya asiyetakiwa kusukumwa.

## Hatua ya 7: Mwanafunzi ajirudie (kipindi cha tatu)

Bandika bango lenye safu tatu. Makundi yajaze yaliyokusanywa, kila safu kwa rangi yake. Nusu saa hivi itakwisha hapo, na si hasara, kwani kelele za kubishana "hii si ya safu ya kwanza, hii ya pili!" ndizo somo lenyewe.

Dakika kumi za mwisho ni kimya. Kila mmoja aandike kifungu kimoja cha maneno yake kwa kuanzia hivi: *Kabla ya wiki hii nilidhani sura hii inazungumzia… Sasa naona… Jambo moja nyumbani kwetu ambalo…*

Usisahihishe maoni. Sahihisha mchanganyiko wa sauti tu. Akiandika "Mungu amesema tukiombwa chumvi tusinyime", pigia mstari na uandike pembeni: *nani amesema?*

## Kupima

Mtihani wa taifa bado utataka aya kwa usahihi, kwa hiyo usiache kuhifadhisha. Lakini katika mtihani wako wa ndani badilisha swali. Swali "Taja mafunzo manne ya Suratul Maun" humfanya atapike orodha. Jaribu hili:

*Mtu amesema: "Aya ya tatu hainihusu, mimi sina chakula cha kumpa mtu." Mjibu kwa kutumia neno moja la aya hiyo, kauli moja ya mwanazuoni kuhusu neno "maun", na mfano mmoja wa mtaani kwenu.*

Alama 10: tatu kwa lafdhi, tatu kwa kauli iliyonasibishwa kwa mwenyewe, mbili kwa mfano, mbili kwa kutochanganya. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazonionyesha nani ameelewa.

## Pale panapokwama

Mzazi analalamika. Mwite, mwonyeshe bango. Mwambie mtoto wake hajapewa ruhusa ya kufasiri, amefundishwa kuwatambua waliofasiri. Mkumbushe darsa za tafsiri za Ramadhani msikitini, ambapo mmoja anasoma aya na sheikh anaeleza kwa Kiswahili. Hapa tunafanya jambo lilo hilo kwa watoto, tukiongeza ubao. Sijawahi kuona mzazi akiondoka na hasira baada ya kuona safu ya pili imejaa majina anayoyaheshimu.

Mtoto anauliza jambo hulijui. Sema "sijui, nitauliza", andika swali pembeni ya ubao, na ulete jibu wiki inayofuata na jina la uliyemuuliza. Kufanya hivyo ni kuonyesha safu ya pili inavyotafutwa.

Darasa lina wanafunzi wasio Waislamu. Hatua zote zinabaki isipokuwa mwisho wa hatua ya 7, na mtu wa kuulizwa katika hatua ya 6. Usimwombe aandike "nitabadilika vipi". Mwombe aandike: *Waislamu niliowasikiliza wanaithamini sura hii kwa sababu… na imenifanya niwaze nini kuhusu kuazimana kwetu sisi.* Katika hatua ya 6 amuulize jirani au rafiki Muislamu, kwa ruhusa ya wazazi wake. Ukumbushe pia darasa kwamba alichosema jirani mmoja ni cha jirani huyo. Hakiwi cha Waislamu wote.

Muda hautoshi. Punguza maneno katika hatua ya 3 kutoka matatu hadi moja, libaki *yahudhu*. Hatua ya 4 unaweza kuiacha. Ya 6 usiiguse.

Darasa zima limekaa kimya. Mara nyingi ni kwa sababu wamezoea kwamba ustadh akiuliza, ana jibu moja kichwani na fimbo mkononi. Weka fimbo kabatini wiki hiyo nzima, waone umeiweka. Uliza, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla hujasema lolote.

Ukimaliza, bango usilitupe. Libakize ukutani hadi sura inayofuata, na kwa sura ya pili nakushauri Suratul Humaza, kwa sababu neno *humaza* na *lumaza* yatawapa kazi nzuri katika safu ya pili, na safu ya tatu, ya kusengenyana kwenye makundi ya simu, itajaa bila wewe kuuliza.